Daftari la Magoti

Barua ya pili ilimkuta Fundi kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, midomo imebana pini nne. Aliisoma mpaka mwisho bila kuzitoa zile pini, na pengine ndiyo sababu hakutukana. Ilikuwa barua fupi. Ofisi ya mafao ya askari wastaafu ilikuwa imepitia upya maombi ya mumewe ya kutambuliwa kuwa na ulemavu wa viungo, na imeyakataa, kwa kuwa "hakuna kumbukumbu yoyote ya maumivu ya magoti wakati wa utumishi." Chini kabisa waliandika kwamba mwombaji anaruhusiwa rufaa moja mbele ya bodi ya watu watatu, na kwamba uamuzi utakaopata sahihi mbili utakuwa wa mwisho.

Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Hakuna kumbukumbu," alisema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu chumbani. "Yoyote!"

Yeye kumbukumbu alikuwa nazo tele. Kila asubuhi mumewe alitumia robo saa nzima kutoka kitandani mpaka bafuni, na si kwamba nyumba yao ilikuwa kubwa. Alishika kwanza kona ya kabati, halafu mgongo wa kiti, halafu fremu ya mlango, na hiyo fremu ilikuwa imebanduka rangi kwa kushikwa. Soksi alivishwa na mkewe. Suruali zake zote Fundi alizipasua ubavuni akazitia zipu ndefu kutoka kifundo mpaka pajani, maana mwenye magoti yasiyokunjika hawezi kuingiza mguu kwenye suruali kama watu wengine. Daktari aliyeangalia picha za eksirei alisema mchezo umekwisha: gegedu limesagika lote, mfupa unasaga mfupa, hayo ni magoti ya kubadilishwa. Hospitali ya jeshi ilikuwa ikiweka magoti ya bandia, tena bila longolongo, lakini kwa mwenye kadi ya ulemavu wa utumishi tu. Bila kadi, daktari alimpa Sahani mwaka mmoja wa kutembea, labda na miezi kadhaa juu yake, na baada ya hapo kiti cha magurudumu.

Sahani ndiye huyo mumewe. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na kombania nzima, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyebeba mgongoni ile sahani ya chuma ambayo mzinga mdogo husimamishwa juu yake usije ukazama ardhini unapofyatuliwa. Ni kilo kumi na tatu za chuma, na hapo hujaweka bunduki, maji, wala chakula cha siku tatu. Wenzake walipokezana mtutu na miguu ya mzinga. Yeye sahani hakumpokeza mtu, kwa sababu alikuwa na mabega yake, na siku za ujana alikuwa na majivuno nayo pia. Alipanda nayo milima, akaruka nayo kutoka nyuma ya malori, akakimbia nayo juu ya mawe. Kila alipotua, uzito wote ule uliishia magotini.

Sasa utauliza, kama aliumia hukohuko, mbona hayakuandikwa? Fundi aliulizwa hivyo mara nyingi, na kila alipoulizwa damu ilimchemka upya. Kwenye kombania ile mtu aliyekwenda zahanati ya kambi kwa ajili ya goti alirudi akiitwa bibi harusi. Aliitwa hivyo mwezi mzima, kwenye gwaride, kwenye foleni ya chakula, hadi bafuni. Na goti likishaingia kwenye faili, cheo asahau. Kwa hiyo vijana walikuwa na mtu wao, koplo mmoja wa tiba waliyemwita Dawa. Jioni Dawa aliwakusanya nyuma ya stoo, akawachua magoti kwa mafuta ya moto, akawafunga bandeji, na kwa huruma yake hakuandika hata mstari mmoja. Alidhani anawaepusha na balaa, maskini.

Siku ya kustaafu ikaja. Walipangwa mstari thelathini na mmoja, daktari akapita mbele yao akiwa na fomu zilizokwisha kugongwa muhuri, akauliza, "Kuna mwenye tatizo lolote?" Wakajibu kwa sauti moja, vifua mbele, kama walivyofundishwa tangu wakiwa makuruti: "Hakuna, afande!" Wakasaini na kuondoka, wengine wakichechemea mpaka getini.

"Basi tuache," alisema Sahani, barua ikiwa mezani kati yao. "Wamekataa mara mbili. Tutawaomba mpaka lini?"

"Nani anaomba? Walichukua magoti mazima, warudishe magoti."

"Fundi, nilisaini kwa mkono wangu kwamba niko mzima."

"Ulisaini kwa sababu uliambiwa usaini! Ungeambiwa umekufa ungesaini vilevile, halafu ungeuliza, kaburi liko upande gani, afande?"

Sahani alicheka, kisha akaipitia barua tena kwa kidole. Alipofika kwenye jina la mwenyekiti wa bodi, uso ukamfunguka.

"Ebo! Huyu si Kapteni wetu? Alikuwa anatembea nyuma yangu safari zote. Huyu ananijua, mke wangu. Huyu hawezi kunitupa."

Fundi aliikunja barua. Alimkumbuka Kapteni vizuri sana. Miaka ile alikuwa na cherehani yake barazani kwa mwenye duka, mkabala na geti la kambi, na kambi nzima ilishonewa na yeye. Sare zilitolewa kwa saizi tatu tu, kubwa, ndogo, na isiyomkaa mtu, kwa hiyo kila askari aliyejipenda alizileta kupunguzwa. Hata na Sahani walikutania hapohapo, yeye suruali mkononi, akijifanya kila wiki ana pindo lililofumuka.

Kesho yake alikuja mteja mzee akitaka suti kama ile aliyoshonewa zamani. Fundi akavuta sanduku la madaftari ya vipimo kutoka uvunguni. Hakuwahi kutupa daftari hata moja. Mteja akirudi baada ya miaka kumi humpimi kama mgeni, unafungua ukurasa wake, unaangalia kilichozidi na kilichopungua. Alikuwa akipekua kutafuta suti ya mzee alipouangukia ukurasa wa Sahani, akausoma mara ya kwanza haraka haraka, na mara ya pili akakaa kitini.

Fundi suruali yeyote hupima goti. Na kwa mtu wa kawaida huandika namba moja ya inchi, kwa sababu miguu ya mtu ni ndugu. Pale palikuwa na mbili. *Goti: kulia kumi na saba na nusu, kushoto kumi na tano. Achia mshono kulia. Kavimba. Katoka milimani.* Juu yake palikuwa na tarehe, miaka minane kabla ya kustaafu. Ndivyo alivyofunzwa kazi na shangazi yake: badiliko lolote la mwili liandikwe na sababu yake, usije ukamshonea mjamzito gauni la mwaka mzima. *Kanenepa kwa raha. Kafunga uzazi. Kavunjika mkono.* Na kwa wale vijana wa mzinga, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka: *kavimba, katoka milimani, achia.*

Alifungua madaftari yote sita ya miaka ile, akayasoma moja baada ya jingine huku chai yake ikipoa. Kwenye la nne aliona ukurasa mwingine uliomfanya asonye kwa nguvu hadi yule mzee wa suti akauliza kama kakosea nini. Fundi akaukunja pembe ukurasa ule, asipotee, na hakumwambia mumewe.

Ofisi ya kusikiliza rufaa za walemavu wa viungo ilikuwa ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Hebu rudia kulisoma hilo polepole. Mtu aliyeamua kuwaweka pale wasioweza kupanda ngazi alikuwa anakula mshahara mahali fulani, na wala hakuona haya. Sahani alipanda akishika mbao ya pembeni, ngazi hamsini na nne, Fundi nyuma yake na mkoba. Kila walipopishana na mtu, Sahani alinyoosha mgongo na kusema habari za kazi. Alipofika juu, shati lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Amepanda mwenyewe?" aliuliza katibu wa bodi mlangoni, mwanamume wa makamo mwenye miwani, akiwa na orodha mkononi.

"Ulitaka nimbebe?" Fundi alimjibu.

Katibu aliangalia shati lile lililolowa, akainamisha macho kwenye orodha yake. Walikaribishwa ndani. Kulikuwa na meza ndefu na viti vitatu nyuma yake, na mbele kiti kimoja cha plastiki, kifupi. Katibu akakaa upande mmoja. Upande wa pili alikuwepo daktari wa bodi, binti mdogo wa umri, kalamu mkononi na faili la Sahani wazi mbele yake. Lilikuwa faili jembamba. Sahani alijishusha kwenye kile kiti kwa hatua tatu, na ndiyo kwanza alikuwa anavuta pumzi wakati mlango wa ndani ulipofunguliwa akaingia mwenyekiti.

Siku hizi alikuwa kanali mstaafu, mnene, mwenye mvi za kupendeza. Alitembea wepesi kama mtu anayekwenda kucheza.

Sahani akasimama. Alisimama mara moja, visigino vikagongana, mikono ubavuni, kidevu juu. Fundi alisikia magoti yale yakilia kama mchanga chini ya kiatu, na akaona mshipa wa shingo ukimsimama mumewe. Lakini mgongo ulinyooka. Na Fundi, aliyekuwa ukutani nyuma ya bega la daktari, akaona kalamu ikiandika: *Amesimama haraka, bila msaada.*

"Sahani!" alisema mwenyekiti, akicheka. "Jamani, bado uko imara! Nyie wa zamani ni chuma kitupu. Mtu wangu huyu, daktari, kabeba mzinga miaka yote na sikuwahi kumsikia akilia. Haya, niambie. Una tatizo lolote?"

"Hakuna, afande!"

Jibu lilimtoka kabla hajajua. Fundi aliona jinsi macho ya mumewe yalivyoshtuka baada ya mdomo kufunga. Mwenyekiti aliketi katikati, akatandaza mikono kumwonyesha daktari, kama anayesema basi, nini tena, na kalamu ikainama upya.

"Usiandike hilo!" Fundi alikwishafika mezani. Hakumbuki alitembeaje. "Samahani, mwanangu daktari, lakini usiandike, maana hilo ndilo lililotufikisha hapa. Huyu akiulizwa na mtu wa cheo atasema hakuna hata kama kichwa kiko chini ya lori. Mjinga huyu!" Alimgeukia mumewe, na machozi yalikuwa karibu. "Mimi nakuvisha soksi kila siku ya Mungu, halafu unakuja kusema hakuna? Hakuna nini?"

Sahani alikuwa bado amesimama wima. Hakuna aliyekuwa amemwambia mguu pande.

"Mama, tulia," alisema mwenyekiti kwa upole wa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Tunawaonea huruma, sote ni binadamu. Lakini uzee ni uzee. Kila mtu magoti yanamuuma akifika umri huu. Sheria inataka kumbukumbu ya wakati ule, na kumbukumbu hakuna."

"Ipo."

Akaweka madaftari sita mezani. Yalikuwa na majalada ya bluu yaliyopauka, yamefungwa kwa ukanda wa kitambaa, na moja lilikuwa na alama ya mafuta ya cherehani. Mwenyekiti aliyatazama asiyaguse.

"Hii ni nini?"

"Vipimo. Nilikuwa fundi wa getini, umenisahau? Sikiliza." Fundi akafungua la kwanza, akasoma kama mtoto anayesoma mbele ya darasa, kwa sauti na bila kupumua. "Sahani. Goti kulia kumi na sita, kushoto kumi na tano. Karuka lori. Mwaka uliofuata, kulia kumi na saba na nusu. Achia mshono. Kavimba, katoka milimani. Mwaka mwingine, kulia kumi na nane, kushoto kumi na sita, mguu haukunjiki, tia kipande ubavuni. Zote na tarehe. Zote alikuwa kazini kwako."

"Huo ni ufundi wa nguo, mama. Si udaktari."

"Na faili lenu hilo jembamba ni udaktari?"

"Bodi haiwezi kukubali kila mshona suruali aje hapa na..."

"Basi niusome na huu," alisema Fundi, akafungua la nne penye pembe iliyokunjwa. Sasa hakupaza sauti. "Kapteni. Goti kulia kumi na saba. Achia. Kavimba, katoka milimani. Tarehe ileile ya Sahani, mlikuja siku moja, wewe kwa gari, yeye kwa mguu. Halafu huku, miezi mitano baadaye. Kapteni. Goti kulia kumi na tano. Punguza. Katengenezwa hospitali ya jeshi." Akafunga daftari. "Mlima ulikuwa mmoja, Kapteni. Wewe ulitembea mikono mitupu, yeye alibeba chuma. La kwako liliandikwa na nani?"

Daktari aliinua macho taratibu akamtazama mwenyekiti, kisha akatazama chini ya meza, mahali goti la mkubwa huyo lilipokuwa. Mwenyekiti uso ulimwiva. Alimgeukia yule ambaye yeye alijua namna ya kumtawala.

"Sahani!" Ilikuwa sauti ya zamani, ya uwanjani. "Mguu pande! Mchukue mkeo, mwende nyumbani."

Sahani hakwenda mguu pande. Paja lilikuwa likimtetemeka mpaka zipu ya suruali ilikuwa ikicheza. Alimtazama Kapteni wake, mtu aliyekuwa nyuma yake safari zote, aliyeona kila alipotua. Kisha akaunyoosha mkono, akashika ukingo wa meza ya bodi, karatasi zikaburutwa, na akaanza kushuka kwenye kile kiti cha plastiki. Hakuambiwa akae. Hakuficha chochote. Alishuka kidogo, akasimama kupumua, akashuka tena, na mguno uliomtoka katikati ulikuwa wa kwanza kusikika mbele ya mkubwa wake tangu alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa.

"Naumia, afande," alisema.

"Tangu lini, mzee wangu?" aliuliza daktari, kwa sauti ndogo.

"Muulize fundi. Yeye ndiye aliyeandika."

Daktari aliivuta karatasi yake akakata mstari mrefu juu ya yale aliyokwisha kuandika. Akamwomba Fundi futi yake ya kupimia, akaja mbele ya meza, akapiga magoti sakafuni, akafungua zipu mwenyewe. Kulia kumi na nane na nusu. Kushoto kumi na nane. Aligusa polepole, akamwambia akunje, na alipoona lilipoishia kukunjika alitikisa kichwa. Kisha akarudi kitini, akanakili kurasa za madaftari pamoja na tarehe zake, zote, akasaini chini yake.

"Mimi sitasaini kichekesho hiki," alisema mwenyekiti, akainuka. Aliinuka vizuri sana, bila kushika meza.

"Sahihi mbili zinatosha, mkuu," alisema katibu. Alikwishavuta kidau cha wino karibu na muhuri wake. Hakumtazama mtu alipokuwa akisaini, lakini alimsogezea Fundi nakala kwa mikono miwili. "Mama, mna wengine humo?"

"Thelathini."

"Waambie waje," alisema katibu. Akafikiri, akatazama mlango. "Na hizi ngazi, nitawaandikia wakubwa. Sijui kama watanisikia."

Kuteremka ni kugumu kuliko kupanda, muulize yeyote mwenye goti bovu. Sahani alisimama juu ya ngazi ya kwanza, karatasi yenye muhuri ikiwa salama kwenye mkoba wa mkewe, akashika mbao. Karani mmoja alikuwa anapanda na kikombe cha chai. Fundi aliona mgongo wa mumewe ukianza kunyooka kwa mazoea, kifua kikitoka, habari za kazi ziko mdomoni.

"Thubutu!" alimwambia.

Sahani alimtazama, kisha akaweka mguu kwenye ngazi ya pili.

"Aaa!" alisema kwa nguvu. Karani akasimama, chai ikammwagikia mkononi. "Aaa! Mama yangu wee! Aaa!"

Milango ikaanza kufunguka. Vichwa vikachungulia ghorofa ya pili, na ya kwanza, watu wakiwa na kalamu masikioni na mafaili vifuani, wakiulizana nani anauawa. Fundi alishuka naye ngazi kwa ngazi, bega lake chini ya lile kwapa zito, na hakumwambia anyamaze. Zilikuwa zimebaki ngazi arobaini na nane.

"Piga kelele, mume wangu," alimwambia. "Bado ghorofa ya juu hawajasikia."